Siku Nilipomkasirikia Mtani Shuleni

Mimi kazi yangu ni kupiga kelele. Kabla jua halijatoka nipo stendi ya Msamvu naita abiria wa Dodoma, wa Iringa, wa Dar, na siku nikikaa kimya nyumbani hatuli. Shule niliishia kidato cha pili. Kusoma kwa kupenda nilijifunza baadaye, mwenyewe, kwenye magazeti yanayoachwa kwenye viti vya mabasi na kwenye vitabu chakavu vinavyouzwa juu ya turubai nje ya stendi. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na kuongea kwenyewe naongea sana. Ukichoka pumzika, utanikuta hapahapa.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu na nafasi ya darasa la kwanza.

Tumbo la mama yetu lilitoa watoto wawili tu waliokua, dada yangu na mimi. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, na ndiye aliyenipigania shuleni wakubwa waliponinyang'anya viazi. Mtu akimsema vibaya mbele yangu, mimi na yeye hatuendelei kuongea, tunafanya kitu kingine. Ndivyo nilivyo. Nimejaribu kubadilika, nimeshindwa.

Dada alizaa binti mmoja. Baba wa mtoto alienda machimboni na simu yake ikaenda naye. Dada akashuka mjini kutafuta maisha, mtoto akabaki kwa bibi yake juu kule Mgeta, kwenye baridi na kabichi. Miaka imepita hivyo. Dada anapanda mlimani sikukuu moja moja, mtoto anamwangalia kama mgeni wa heshima, anamwamkia, anamletea kiti. Hicho kiti ndicho kilichokuwa kinamuua dada. "Mwanangu ananikaribisha," aliniambia siku moja. "Unajua maana yake? Mwanangu ananikaribisha kama mwenyekiti wa kijiji."

Mwishoni mwa mwaka juzi dada akapata kazi ya kudumu kwenye kiwanda kidogo Kihonda, wanafungasha unga. Tukapanga vyumba viwili Mwembesongo, kimoja chake, kimoja changu, na baada ya Krismasi mtoto akashuka na begi lake. Wiki ya kwanza alimwita mama yake "wewe". Wiki ya pili akaanza kulala mguu mmoja juu ya tumbo lake. Dada alinionyesha asubuhi alama ya kisigino ubavuni kama mtu anayeonyesha pete.

Hapo shule ndiyo ikawa shida.

Shule ya karibu iko nyuma ya nyumba yetu. Kengele yake ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, inagongwa na nondo, na tunaisikia tukiwa kitandani. Ni shule ya serikali, inasifika, walimu wanafundisha, kwa hiyo watu wanatoka hadi mitaa ya mbali kuja kuandikisha. Uandikishaji huanza mwezi wa kumi. Sisi mwezi wa kumi mtoto alikuwa Mgeta anachuma maharage. Shule nyingine ambayo tuliambiwa ina nafasi iko ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori ya Dodoma na mabasi yanayotoka kwetu stendi. Mimi madereva wale nawajua. Nakunywa nao chai. Ndiyo maana sikutaka mtoto wetu avuke mbele yao.

Halafu kuna mguu. Mpwa wangu alizaliwa mguu wa kushoto umegeukia ndani. Walimfunga plasta akiwa mchanga, ukanyooka, ila haukunyooka wote. Anatembea, anaruka kamba, anapanda juu ya ukuta ukigeuka kidogo tu, lakini polepole, na akichoka anauburuta. Dada anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Mimi saa hiyo nimeshapiga kelele mpaka koo limekauka. Nani amvushe?

Dada akasema maneno mafupi: "Akikosa hapa nyuma, anarudi kwa mama. Sina namna." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe unaenda kuomba kama mjomba wake, mimi ndio kwanza nina mwezi mmoja kazini, siwezi kuomba ruhusa. Lakini habari ya mguu usiitaje. Sitaki mwanangu aingie shule kwa kuonewa huruma. Akishaingia kwa huruma atakaa kwa huruma mpaka darasa la saba."

Nikakubali. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mtu wa kuleta zawadi tu, ni mtu wa kusimama. Nikavaa koti langu la harusi za watu, nikamshika mpwa mkono, nikaenda kusimama.

Barazani pa ofisi ya mwalimu mkuu tulikuta wazazi wamejaa, wengine wamekaa chini kwenye sakafu na watoto wao. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa meza yake nje kwa sababu ya joto. Mama mrefu, mnene wa kutosha, miwani kwenye ncha ya pua, sauti ingefaa kazi yangu. Zamu yetu ikafika. Mpwa akajificha nyuma yangu, kashika shati langu kwa chini ya koti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwezi wa kumi mlikuwa wapi?"

"Mtoto alikuwa mlimani, mwalimu. Mgeta, kwa bibi yake. Ndio kwanza ameshuka."

Akavua miwani. Akaniangalia kuanzia kiatu hadi kichwa.

"Ahaa! Waluguru!" akasema kwa sauti baraza zima lisikie. "Sasa mtawahije? Watu mna mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa kutembea pembeni mwa mlima! Wenzenu wa tambarare walishafika zamani, nyie bado mnachechemea na ndizi kichwani!"

Baraza likacheka.

Nikahisi mkono wa mtoto umeachia shati langu.

Jamani. Sijui niseme nini. Kuna watu hasira yao inapanda kama maji kwenye ndoo, mimi yangu inalipuka kama jiko la gesi. Nikapiga meza yake kwa kiganja, karatasi zikaruka.

"Mama mzima!" nikasema. "Na miwani yako! Mtoto huyu hapa!" Nikamvuta mpwa mbele. "Haya mtazame vizuri, ndio umcheke vizuri! Mguu wake huu hapa! Hiyo ndiyo elimu mnayotoa hapa? Kuwacheka watoto wagonjwa? Shule yenyewe kaa nayo! Ibebe kichwani uende nayo kwenu!"

Hata watoto waliokuwa wanalia wakanyamaza. Mwalimu mkuu alisimama, mdomo wazi, macho yake yakashuka kwenye mguu wa mpwa, yakabaki hapohapo. Alitaka kusema kitu. Sikumpa nafasi. Nilimbeba mtoto juujuu nikaondoka naye kama gunia.

Nje ya geti palikuwa na mama mmoja anakaanga mihogo, anawauzia watoto wakati wa mapumziko. Alikuwa amesikia kila kitu, na nani ambaye hakusikia? Akaniita huku anageuza mihogo.

"We kijana. We mwenye koti. Wewe Mluguru kweli?"

"Mluguru wa Mgeta. Kuna tatizo?"

"Mluguru gani anamkasirikia Msukuma?"

"Msukuma nani?"

"Mwalimu mkuu! Yule Msukuma wa Shinyanga kabisa. Hapa Mluguru yeyote akipita lazima atukanwe, na sisi tunamtukana, ndio raha yetu. Mimi kila asubuhi ananiambia mihogo yangu imeachwa na panya wa Uluguru. Siku asiponiambia najua anaumwa."

Nikamshusha mtoto chini.

"Lakini amemcheka mtoto mguu," nikasema, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

"Angemwonea wapi? Alikuwa nyuma yako, na hilo koti lako kama pazia la ukumbini. Kaona wewe. Kamtania mtani wake. Wewe ndio umemleta mtoto mbele ukamwonyesha mguu watu wote."

Kwa mtu wa huku sina haja ya kueleza utani. Nilikuwa mdogo babu alipofariki, nikaona Mnyamwezi mmoja analala chini mbele ya kaburi, anasema marehemu haingii mpaka alipwe, na watu wenye msiba wanacheka na machozi yanawatoka. Wanyamwezi, Wasukuma, wale ni watani zetu tangu mababu wanapita na misafara. Mtani hakasirikiwi. Najua. Nilifundishwa. Lakini mimi nimekulia mjini zaidi, stendi pale tusi ni tusi na jibu lake ni ngumi, na siku ile sikuuliza kabila la mtu. Nilisikia neno "mguu" tu, nikawaka.

Tukawa tunarudi nyumbani polepole. Mpwa anaokota vizibo vya soda njiani.

"Mjomba."

"Naam."

"Mbona umekasirika? Bibi naye anasema hivyo. Anasema sisi wote tuna mguu mmoja mfupi, ndio maana hatuanguki."

Nikasimama. "Sasa wewe mbona uliachia shati langu?"

"Nilitaka nimwone vizuri. Wewe mnene."

Mimi si mnene. Lilikuwa koti. Lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana.

Dada aliporudi jioni, unga bado kwenye nyusi, alishapata habari njiani. Mwembesongo habari haihitaji vocha. Nilitegemea atapiga kelele, tulingane. Hakupiga. Aliingia chumbani, akashusha begi la mtoto, akaanza kukunja nguo zake moja moja.

"Jumamosi kuna gari la Mgeta," akasema.

"Dada, nisikilize."

"Nilikutuma kitu kimoja. Kimoja. Usiutaje mguu. Wewe hukuutaja, umeutangaza."

"Nilidhani anamtukana mtoto!"

"Na ungedhani kidogo zaidi ungekufa?" Akaweka chini kigauni alichokuwa amekishika. "Mdomo wako huo unapakia abiria wa watu kutwa nzima. Abiria wetu mmoja umeshindwa kumpandisha."

Hilo liliniingia. Mtoto alikuwa mlangoni anatuangalia, kisha akaja akachukua kile kigauni kilichokunjwa, akakikunjua, akakivaa juu ya nguo alizokuwa nazo. Dada akageukia ukutani. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Baada ya muda dada akaja kusimama karibu yangu. Jirani alikuwa anawasha mkaa.

"Kesho nitaenda kuomba msamaha," nikasema.

"Mtani haombwi msamaha. Ukimwomba msamaha utakuwa umemwambia kweli alitukana. Utakuwa umeharibu mara mbili."

"Sasa nifanye nini?"

"Mtu aliyekasirika kwenye utani anatozwa faini. Hujui? Kuku." Akafikiri kidogo. "Jogoo. Kwa ulivyopiga meza, jogoo."

Kesho yake niliomba mwenzangu anishikie zamu stendi, nikapita sokoni nikanunua jogoo mwekundu mwenye kiburi, nikamkumbatia kwapani, nikaenda shule. Peke yangu. Mama wa mihogo aliponiona akafunika mdomo na kanga.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, na walimu wengine wawili wanasahihisha madaftari. Nilipoinamisha kichwa kuingia, wote waliweka kalamu chini. Mmoja akasogeza kikombe chake mbali na mimi. Mwalimu mkuu hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala vizuri.

"Umerudi," akasema. "Leo unapiga meza ipi?"

Hasira ni rahisi, hasira inajiendesha. Kutania ukiwa na hofu ndio kazi.

"Shikamoo mwalimu. Sikuja kupiga meza," nikasema. "Nimepita tu kuangalia kama ng'ombe wamekupa ruhusa ya kuja kazini leo. Nasikia kwenu mtu akiumwa anaitwa kwanza daktari wa mifugo, na asipopona ndio mnauliza ana pembe ngapi."

Kisha mwalimu mkuu akaanza kutikisika. Ilianzia tumboni, ikapanda mabegani, mwishowe akavua miwani akajifuta macho na upindo wa gauni.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe mlimani bado kuna watu! Jana nilidhani mmeisha. Kaa. Kaa chini, mla panya wewe. Na huyo uliyembeba ni nani, mjomba wako?"

"Huyu ni faini yangu."

Walimu wakapiga makofi. Mmoja akanyoosha mikono kumpokea jogoo. Mwalimu mkuu akamzuia.

"Hapana. Hapana, mtani, sikiliza." Sasa alikuwa hacheki. "Una shauri la shule hapa kwangu, au huna?"

"Ninalo."

"Basi jogoo huyu akiingia mlango huu leo ni rushwa. Akija shauri likishakwisha, upate usipate, ndio faini. Mrudishe nyumbani. Na umlishe vizuri, faini nyembamba siitaki."

Nikabaki nimekumbatia jogoo muda wote wa mazungumzo. Alikuwa ananidonoa kifungo cha shati.

Mwalimu mkuu akasogeza kiti chake. "Yule mtoto," akasema. "Sikumwona. Ulikuwa umemziba." Akaishia hapo. Hakusema samahani, na mimi sikuisubiri, lakini aliangalia dirishani kitambo, na nilielewa kwa nini hakulala. "Niambie habari ya mguu."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeshamvunjia dada agizo lake jana mbele ya baraza zima, nusu yake isingesaidia kitu. Nikasema mguu, nikasema barabara kuu, nikasema saa ya dada ya kuingia kazini na saa yangu, nikasema akikosa anarudi Mgeta, na kwamba dada hataki aingie kwa huruma.

"Mama yake yuko sahihi," akasema. "Na hamkusema ukweli wote, hapo hayuko sahihi. Sasa sikia. Mimi sina nafasi ya kukupa. Darasa limejaa mpaka dirishani, watoto watatu watatu kwenye dawati la wawili. Lakini kuna walioandikishwa ambao mpaka leo hawajaripoti. Wasipokuja mpaka mwisho wa wiki ijayo, nafasi zao zinaenda kwenye kamati ya shule, na kamati itasikiliza kila aliyekata rufaa. Utakuja useme. Utasema kwa sauti ya binadamu."

"Sawa."

"Na mimi siku hiyo sitanyoosha mkono kupiga kura juu ya mtoto wako. Watu wamesikia tunataniana, wasije wakasema Msukuma kambeba mtani wake."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Gari la Mgeta la Jumamosi lilikuja likaondoka. Dada hakumpakia mtoto, lakini begi pia hakulifungua. Jogoo alilala chumbani kwangu, na alikuwa na maoni yake kuhusu alfajiri. Mpwa alimpachika jogoo jina la utani, sitalitaja hapa kwa sababu lilikuwa ni langu. Asubuhi kengele ya rimu ikigongwa, alikuwa anasimama mlangoni anahesabu watoto wanaopita na sare, anarudi ndani kuniambia nani kavaa soksi zisizolingana.

Kamati ilikaa mchana, darasani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, futi yake bado shingoni. Tuliitwa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikasimama mbele ya ubao, nikaanza, na kwa woga nikaanza kama ninavyoanza kila siku.

"Kijana," mwenyekiti akasema, "punguza sauti. Hatupandi basi."

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nadhani kicheko kile kiliniokoa, maana nilivuta pumzi nikaongea kama mtu.

"Wewe ni baba wa mtoto?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ni mjomba wake."

"Baba yake yuko wapi?"

Nikahisi lile jiko la gesi linataka kuwaka. Mwalimu mkuu akawahi, bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake: "Mwenyekiti, hao ni Waluguru. Kwao baba ni mgeni, mjomba ndio mwenye nyumba. Uliza swali lingine."

Mwenyekiti akatabasamu, kumbe naye ni wa hukohuko. Akauliza lingine, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Hapa nje kuna wazazi wengine wenye watoto. Wengi walikuja kabla yako, hawakupiga meza ya mtu. Niambie, wale wana kosa gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Niliangalia dirishani. Barazani kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake, amemfunga kitambaa shingoni kama yuko Mgeta vile. Stendi ningeweza kusema chochote. Ningesema basi lile halina breki, panda hili.

"Hawana kosa," nikasema. "Siwezi kukudanganya, mzee. Mimi nachoweza kusema ni wapi wa kwetu atakwenda akikosa hapa. Hawezi kuvuka ile barabara kwa mguu ule, kwa hiyo haendi shule ile nyingine. Anarudi mlimani kwa bibi yake. Atasoma huko, sisemi hatasoma. Lakini na mama yake watarudi kuwa wageni. Ndio kwanza wameanza kuzoeana. Basi."

Mama mmoja wa kamati, aliyekuwa ananyonyesha wakati wote huo, akauliza, "Kwa nini hamkusema mguu tangu siku ya kwanza?"

"Dada hataki mtoto apewe nafasi kwa huruma."

"Huruma gani?" akasema yule mama, anambadilisha mtoto upande. "Mimi naongelea umbali. Kwani kama mwenye mguu huo hastahili shule ya jirani, ni nani mwingine anayeistahili?"

Mwenyekiti akavuta futi yake shingoni, akanishukuru, akanitoa nje.

Nilikaa chini barazani karibu na yule bibi mwenye mjukuu. Tulikuwa tunagombea nafasi zilezile, mimi na yeye, na hakuna hata mmoja wetu aliyepanga iwe hivyo. Alinimegea muhogo wake. Nikala.

Alasiri mwalimu mkuu akatoka mwenyewe. Nafasi zilizoachwa zilikuwa nne. Akasoma majina ya watoto wanne. Yule mjukuu alikuwa wa kwanza, bibi yake akapiga kigelegele kimoja, kikavu, akajifunika uso. Wa pili na wa tatu siwajui. Wa nne ni wetu.

Sikupiga kelele. Nasema hivi kwa sababu stendi hawaamini. Nilienda Kihonda nikasimama nje ya geti la kiwanda mpaka zamu ikatoka. Dada alitoka na wenzake, weupe wote kwa unga kama wametoka kuzikwa. Akaniona. Akasimama katikati ya njia, watu wanampita huku na huku.

"Sema," akasema.

"Jumatatu. Sare, madaftari mawili na fagio."

"Fagio?"

"Kila mtoto analeta fagio."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka, "Fagio, fagio," mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa.

Jogoo nilimpeleka Jumatatu hiyohiyo. Mwalimu mkuu akampapasa kifua mbele ya walimu wote, akasema mlimani hata kuku wana mguu mmoja mfupi, na nikamwambia afadhali kuku wetu kuliko ng'ombe wao wanaosoma kuliko wenye ng'ombe. Sikukasirika hata chembe. Wapo wazazi ambao hawakupata nafasi siku ile, na mmoja wao bado hanijibu salamu. Namwelewa. Namsalimia tu.

Jumatatu jioni dada alimpigia simu mama kule Mgeta, akaiweka kwa sauti tusikie wote. Mama alikuwa ameshaambiwa mtoto anarudi, na kila Jumamosi alikuwa anamtegemea kwenye gari.

"Haji, mama. Amepata shule. Ameshaanza leo."

Tulisikia upepo wa kule, na mbuzi wa mtu.

"Godoro lake nilishalianika juani," mama akasema.

"Mama..."

"Sijakasirika. Nimesema tu nililianika." Kisha: "Mpe simu."

Mpwa akashika simu kwa mikono miwili, akamwambia bibi yake kila kitu kwa pumzi moja: kwamba amekaa mbele, kwamba mwenzake wa dawati ana dawa ya chawa kichwani, kwamba darasani wako wengi mpaka wengine wanaandikia mapajani, kwamba alitembea mwenyewe kwenda na mwenyewe kurudi na mjomba alikuwa anamfuata nyuma akijificha kwenye miti lakini alimwona.

Mama alisikiliza yote. Mwishoni akaomba dada arudi kwenye simu.

"Nikimaliza kupalilia nashuka," akasema. "Nataka nimwone na hiyo sare. Nitakaa wiki mbili, labda tatu. Nitalala wapi?"

Dada akaniangalia, akaangalia chumba changu.

"Kwa mjomba wake," akasema. "Mjomba atalala chini."